Mashine ya Babu Ilivyomrudishia Mama Doto Mahindi Yake

Leo nimeaibika. Na wala si aibu ya kimya kimya, kama mtu aliyekanyaga sketi yake kanisani. Nimeaibika mbele ya foleni nzima ya ndoo za mahindi na wenye ndoo zao. Nikinyamaza mtaletewa habari zilizoongezwa chumvi, kwa hiyo nawaandikia mwenyewe, huku sikio moja bado lina masizi.

Kwa wasiopajua kwetu: tupo Buseresere, nje kidogo ya senta. Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha bati, na ndani ya kibanda kuna injini ya dizeli ya marehemu babu. Ya zamani hasa. Pistoni moja, magurudumu mawili makubwa ya chuma pembeni, inawashwa kwa kuzungusha hendeli. Inaendesha mashine ya kusaga kwa mkanda mrefu. Bibi anaiita Mzee. Babu alipofariki, Mzee naye akanyamaza, na tangu hapo kazi yake imekuwa kulaliwa na kuku.

Mimi nimemaliza form four, nipo nyumbani, nasubiri maisha yaanze. Wiki tatu hizi nimehamia kibandani. Nimesafisha tangi. Nimetoa kiota cha panya kwenye ekzosi. Nimemwaga oili iliyokuwa nzito kama ugali wa jana, nikaweka mpya. Nozo, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini, nimeipeleka Katoro kwa fundi, akaisafisha, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia fizikia nilipata B. (Ilikuwa D. Samahani fundi.)

Jana jioni, tunakula, Baba akasema kama mtu anayeomba chumvi, "Kesho saa kumi wanakuja watu wa vyuma chakavu. Wanaichukua ile injini."

Nikarudisha tonge sahanini.

"Baba, imebaki kidogo tu iwake."

"Imebaki kidogo tangu Pasaka. Hata watu wa karasha walikuja kuiangalia, wakacheka."

Hilo liliniuma. Watu wa karasha ni wale wanaosaga mawe ya dhahabu kule machimboni. Wale huwa hawachagui injini. Ukikataliwa na karasha umekataliwa na dunia.

"Na ikiwaka?"

"Kuwaka si kazi, Minza. Hata redio inawaka. Isage debe moja la mahindi kabla hawajafika, inabaki. Isiposaga, inapanda gari."

Bibi alisogeza sahani yake mbele, na Bibi huwa haachi mboga.

Basi leo nimeamka kabla ya kuku. Nikatoa hewa kwenye mpira wa dizeli, nikalegeza nati, nikapampu mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Chujio la hewa nililitoa nikaliosha kwa sabuni, nikalianika kwenye kamba kati ya shuka mbili. (Likumbukeni hilo chujio.) Bibi akaja na kigoda chake akakaa mlangoni. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, ila masikio anayo ya miaka ishirini.

"Unajua kumwasha?" akaniuliza.

"Najua, Bibi."

"Hujui. Nyanyua kile kikono cha juu, hapo pumzi inatoka, gurudumu linakuwa jepesi. Zungusha mara tano. Hesabu kwa mdomo. Imo, ibili, idatu, inne, itano. Ya tano ndio uachie kikono, na usiogope. Mzee hataki haraka."

Nikahesabu. Imo mpaka itano, kwa Kisukuma changu cha kubahatisha. Nikaachia kikono.

Puu.

Puu. Puu. Puu puu puu puu.

Jamani, niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye bati. Bibi alifunga macho akaanza kutikisa kichwa kama yupo kwaya. Halafu likaja lile lililoniponza. Juu ya bomba la ekzosi, babu alifunga kopo la maziwa kwa waya, ili injini ikipumua kopo lilie: ko, ko, ko, ko. Wakubwa wanajua. Kopo la mashine likilia, maana yake mashine inasaga, leteni mahindi. Na umeme umekatika tangu juzi, ile mashine ya senta imekufa, watu wamelala na viazi.

Nikazima ili nifunge mkanda. Nilitaka kujaribu tu injini. Kutoka nje, naona mama wa kwanza anakuja na debe kichwani. Nyuma yake mwingine. Nyuma yao baiskeli yenye gunia. Wengine wanatoka kwenye mashamba ya mihogo kabisa, sijui mahindi waliyabebea wapi.

Mama Doto, jirani yetu, ndiye aliyefika wa kwanza, akanisalimia. "Mwadila, Minza. Nimesikia kopo. Nikasema, ama babu amefufuka ama tunakula ugali leo."

"Mwadila, mayu. Mtakula ugali."

Mkanda ulikuwa umekauka. Nimeuhangaikia mpaka saa tisa. Foleni ikafika kwenye choo. Na mimi badala ya kufunga mkanda kimya, kila nikitoka nje nawahutubia. Nikawaambia habari za mgandamizo. Nikawaambia wako watu walisema msichana hawezi injini. (Hakuna aliyewahi kusema. Nilitunga palepale.) Nikampa mmoja simu yangu anirekodi video.

Saa tisa na nusu, anayerekodi akasema, "Kuna gari linakuja."

Pikapu. Inapinda pale kwenye kona, nyuma imebeba mabati, fremu za baiskeli na jiko la mtu. Watu wa vyuma wamewahi. Baba akatoka ndani, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

Nikakimbilia hendeli. Nikanyanyua kikono. Imo, ibili...

Nikaachia.

Ndiyo. Ya pili. Nilikuwa na haraka, gari linakuja, mngefanyaje nyie? Gurudumu halikuwa na nguvu ya kutosha. Likapanda, likasita juu, likarudi kwa hasira. Hendeli ikanitoka mkononi ikaruka mpaka kwa kuku. Halafu puu. Puu puu puu. Imewaka.

Watu wakapiga makofi. Vigelegele. Mimi nimenyanyua mikono juu. Pikapu imesimama, jamaa wawili wameshuka. Nikawatazama kwa huruma kabisa, nikawaambia, "Karibuni, mmekuja kusaga?"

Bibi akaniita. "Minza. Mbona kopo halilii?"

"Limechoka, Bibi."

"Kopo huwa halichoki."

Sikumsikiliza. Nikachukua debe la Mama Doto, nikapanda kwenye jiwe, nikamimina kwenye mdomo wa mashine lote kwa mkupuo, nikiwa nimeigeukia kamera.

Mahindi yakaingia. Mahindi yakafikiri kidogo. Mahindi yakarudi.

Hayakurudi kwa adabu. Yalirudi kama mvua ya mawe, ta ta ta ta, kwenye bati, kwenye ndoo, kwenye vichwa. Foleni ikavunjika. Mmoja akajifunika sufuria. Mama Doto alisimama palepale, mahindi yake mwenyewe yanampiga kifuani, anayatazama kama mtu anayedaiwa kwa simu mkopo asiouchukua.

Mimi nikasema tatizo lipo kwenye hewa. Nikainama kwenye tundu la chujio, nikaweka sikio kama daktari. Chujio lenyewe lipo kwenye kamba, mnakumbuka. Tundu lipo wazi. Na injini iliyowaka kwa kurudi nyuma, sasa ndio nimejua, inavuta hewa kwenye ekzosi na kutolea moshi puani, pale hewa inapoingilia. Ndio maana kopo lilikuwa kimya, na mahindi yakarudi. Nikapigwa masizi ya tangu enzi za babu, usoni na sikioni.

Bado sijaelewa. Nikakumbuka babu alikuwa akitaka kuzima haraka anaziba pua ya injini kwa kitambaa. Nikavua kilemba changu, nikakibandika kwenye tundu kwa nguvu zote. Kikapulizwa kikapaa, kikatua juu ya pikapu. Nywele sijasuka wiki ya tatu. Simu inarekodi.

Baba akatembea taratibu, mikono bado ipo nyuma. Akafika, akatoa mkono mmoja, akafunga dizeli. Mzee akapunguza, akakohoa, akanyamaza.

Mahindi ya mwisho yakadondoka kwenye debe, tii.

Mama Doto akasema, "Nimeleta mahindi, nimerudishiwa mahindi. Mwanangu, hii mashine ni aminifu kuliko ya senta."

Wakaangua kicheko. Kicheko cha kukaa chini. Mmoja wa jamaa wa vyuma alishika mlango wa gari asianguke. "Dada," akasema, "mimi nimenunua vyuma mpaka Runzewe. Vilivyoungua, vilivyopinda. Kilichokwenda rivasi ndio cha kwanza."

Baba hakucheka. Akatazama saa. "Bado dakika kumi na tano," akasema.

Hapo nikataka kulia. Mkono unauma, kilemba kipo juu ya pikapu, na nikamwona Bibi anapapasa ardhini anaokota mahindi moja moja anarudisha kwenye debe. Nikaenda kwa kuku nikachukua hendeli. Nikasema moyoni, ikigoma, basi.

Nimeishika tu, Bibi akasema kwa sauti, "Nani anahesabu? Huyu asihesabu mwenyewe. Ana haraka."

Mama Doto akasogea. "Sisi tutahesabu. Minza, ukiachia kabla ya sisi, nakuchapa na hili debe."

Nikanyanyua kikono. Nikazungusha.

"Imo," foleni nzima.

"Ibili." Mkono unataka kuachia, jamani. Mkono wangu wenyewe.

"Bado," Mama Doto akasema. "Idatu."

"Inne." Jamaa wa vyuma naye anahesabu. Huyo ni Msukuma wa Isaka, kumbe.

"Itano."

Nikaachia. Puu. Na juu kule, ko. Ko, ko, ko, ko.

Bibi akanyanyua kidole, kama kusema sikilizeni. Nikamimina mahindi ya Mama Doto, safari hii kidogo kidogo, sitaki kamera. Tukangoja. Mfuko wa unga ukatikisika, ukajaa upepo, halafu chini kabisa kikaanza kitu cheupe. Baba aliingiza mkono, akausugua unga kwa vidole, akampelekea Bibi kwenye kiganja. Bibi akaonja.

"Mkavu," akasema. "Vizuri." Halafu akaufuta mkono wake kwenye shati la Baba, na Baba akamwacha.

Debe likaisha saa kumi kasoro dakika mbili. Baba akawageukia wale jamaa. "Ndugu zangu, poleni na safari. Huyu bado anasaga." Wakachukua sufuria mbovu mbili, na kilemba changu wakanirudishia. Yule wa Isaka akauliza kama kesho anaweza kuleta gunia lake. Nimesaga mpaka jua linazama. Mama Doto alivyoondoka akanishukuru, "Wabeja, mwanangu. Ukaoge." Nikamuuliza kwa nini. Akacheka mpaka njiani. Ndio nikaenda kwenye kioo. Nilikuwa nimehudumia watu wote wale, na shikamoo zote zile, nusu ya uso nyeusi na nusu yangu.

Baba amenipa ufunguo wa kibanda. Ameuweka karibu na sahani yangu.

Ombi langu ni moja. Mkipita Buseresere kuniulizia, ulizeni Minza. Mkielekezwa kwa mtu anaitwa Rivasi, mkubali tu, fuateni njia hiyohiyo, ila mkifika mniite Minza. Na ile video, aliyenirekodi ameshaituma kwa simu yangu hiyohiyo. Msiifungue.