Mawe Matano ya Kumeza Besi

Mtaalamu alikuwa anapita njia zake, mikono mifukoni na mifuko mitupu, aliposikia vioo vya dirisha la nyumba moja ya maana vikitetemeka, tr-r-r, kila besi ilipopiga ndani. Mwingine angesema, "Majirani wengine bwana!" akaenda zake. Mtaalamu alisimama, akavua kofia kwa heshima. Mle ndani mlikuwa na mgonjwa, na yeye, kwa kujiteua mwenyewe, alikuwa daktari.

Utaalamu wenyewe, tusidanganyane, aliupata kwa ufagio. Alifagia karakana ya fundi redio miezi miwili kabla ya kufukuzwa, na katika kufagia huko akagundua jambo moja: ukifika ukutani besi inavimba mpaka meno yanagongana, ukirudi katikati ya chumba inanywea. Chumba kilekile, wimbo uleule. Kwa nini? Hakujua, wala hakujisumbua kuuliza. Anayejua kwa nini ni fundi, alijiambia, anayejua wapi ni tajiri. Utajiri huo alikuwa bado anaungoja, na soksi zake zilikuwa zimeshachoka kungoja.

Safari hii alikuwa na haraka ya kweli. Mkewe alikuwa kwao, wiki ya tatu sasa. Hakugomba, hakulia, alisema tu: "Siku utakayoleta nyumbani kitu kimoja cha halali, chenye risiti, uniite. Nitarudi." Mtaalamu alikwenda kumbembeleza, mama mkwe akamfungia mlango. Na kwa kuwa hakuzoea kuondoka mahali mikono mitupu, alipita bustanini akang'oa mawe matano yaliyozunguka maua, upande mmoja yamepakwa chokaa. Aibu aliiona, jamani. Ila mawe yalikuwa mazito kuliko aibu, kwa hiyo akaweza kubeba vyote.

Kesho yake alibisha hodi kwenye ile nyumba ya besi, mawe yakiwa kapuni. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyeuza kiwanda chake cha matofali akajijengea chumba cha sinema. Humo alikuwa na sabufa, spika ya besi, yenye ukubwa wa kabati, imesukumwa kwenye kona, na kochi lililobanwa na ukuta wa nyuma.

"Inanguruma tu!" mzee alilalamika. "Mtu kwenye sinema akisema 'nakupenda' utadhani lori linamwaga kokoto."

"Si nimekwambia tangu mwanzo usogeze..." alianza mkewe, mama wa miwani aliyekuwa akifuma sweta kwenye kiti chake kando.

"Mama watoto, wewe fuma. Huyu ni mtaalamu."

Mtaalamu aliinamisha kichwa kama anayepokea salamu za rambirambi. "Mzee wangu, besi ni mgeni asiyejua kuaga. Inafika ukutani, inarudi, inakutana na mwenzake njiani, wanaanza mazungumzo. Lazima imezwe." Maneno hayo aliyatunga palepale, na angeambiwa kwamba yana ukweli ndani yake angeshtuka sana.

Akatoa jiwe la kwanza, limevalishwa soksi nyeusi na kushonwa mdomo. Akamwinua mzee, akavuta kochi hatua mbili mbele "ili mawe yapate hewa", akalichomeka jiwe chini yake kwa vidole viwili kana kwamba linauma.

"Kaa sasa, mzee. Sikiliza."

Mzee akakaa. Besi ilikuwa imenywea. "Lo! Lo, lo, lo! Limemeza!"

"Mbona mimi naisikia vilevile?" aliuliza yule mama, ambaye hakuwa ameinuka kitini.

"Usijali, mama," alisema Mtaalamu kwa upole wa kutia hasira. "Masikio nayo huzeeka."

Mama akamtazama juu ya miwani. Akahesabu mishono yake kwa sauti ndogo, akaendelea kufuma. Mtu mwenye akili angeyaona macho yale akakimbia, soksi mkononi. Mtaalamu aliyapangia mawe yaliyobaki pembe nne za chumba.

"Kaeni nayo siku mbili," alisema. "Msiporidhika, sichukui hata senti." Hilo hakuliogopa. Alijua hakuna mwenye pesa anayekubali kwamba masikio yake hayasikii tofauti.

Siku ya tatu alipokelewa na mama mwenyewe. Mzee alikuwa kwenye kochi, akijifunika uso kwa gazeti lililokuwa likitikisika kidogo.

"Mwanangu, mawe yako ni kiboko," alisema mama. "Sasa hii sabufa kubwa ya nini tena? Badala ya fedha, ichukue. Thamani yake ni mara tatu ya ulichotaka."

Mtaalamu akamkumbuka mkewe. "Na risiti nitapata, mama?"

"Risiti? Baba, hiyo ndiyo nitakayokuandikia kwa raha zangu zote. Ila isikilize kwanza, usije ukasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kaa hapa."

Akamketisha kwenye kigoda, mgongo kwenye kona. Besi ikapiga mpaka vifungo vya shati vikacheza. Hapo ndipo mtu aliyefagia karakana miezi miwili alipotakiwa kujiuliza amekalishwa wapi, na kwa nini pazia la upande wa pili linapepea na dirisha limefungwa. Mtaalamu hakujiuliza. Alikuwa anamwona mkewe akiingia mlangoni na sanduku lake la nguo. Akaitia risiti sahihi bila kuisoma, yeye ambaye ameishi mjini kwa kutiliwa sahihi na wasiosoma.

Mkokoteni ulilalamika njia nzima. "Uzito wa halali huo!" alimwambia msukuma mkokoteni.

Alimwita mkewe, naye akaja, na mama mkwe nyuma yake kama shahidi wa upande wa mashtaka. Mtaalamu akachomeka waya. Kimya.

"Simama pale, mke wangu. Hapana, kwenye kona. Ukutani kabisa."

Mkewe alikwenda kona zote nne. "Mume wangu, chumba nimekimaliza. Nipande na darini?"

Mama mkwe ndiye aliyeleta bisibisi. Mfuniko wa nyuma ulipofunguka, hamkuwa na spika wala waya; vilibaki kwa mzee, nyuma ya lile pazia lililopepea. Mlikuwa na soksi nyeusi tano, zimepangwa vizuri kama watoto wamelala. Mama mkwe alichana moja. Jiwe likatoka, upande mmoja umepakwa chokaa nyeupe.

"Haya si mawe yangu?"

Mtaalamu alitamani kumezwa na besi yoyote iliyokuwa karibu. Mkewe akaikunjua risiti, akasoma: "Nimemrudishia fundi mawe matano aliyoyaleta. Sanduku tupu ni zawadi. Masikio yangu ni mazima." Chini palikuwa na mhuri wa yule mama wa miwani: Fundi Sauti Mkuu wa Redio, Mstaafu.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kufuta machozi, aliikunja ile karatasi akaitia kifuani.

"Hii naitunza. Ni karatasi ya kwanza yenye sahihi yako ambayo kila neno lake ni kweli."

"Kwa hiyo utarudi?"

"Kwanza rudisha wewe."

Mtaalamu akayabeba mawe kwa miguu hadi bustanini kwa mama mkwe, jiwe moja moja, safari tano. Mama mkwe aliketi kibarazani akisimamia. Jiwe la mwisho lilikaa upande, na Mtaalamu, jasho likimtiririka, akalisogeza hatua mbili kulia.

"Je, mama, sasa limekaaje?"

"Mimi sijainuka hapa," alisema mama mkwe. "Naliona vilevile."