Haikusema Mita ya Nini

Jumatatu, 2 Novemba 2020

Sekretario Cassimo, mkuu wetu wa mtaa, kapita na kipaza sauti chake kibovu. Kila neno la pili linakatika. Habari yenyewe: lile duka la zamani lenye bati zima, linalokaa tupu tangu mwenyewe ahamie mjini Pemba, litapewa kundi moja la watoto wa tufo, ngoma yetu ya kuimba na matari, liwe ukumbi wao. Kundi moja! Na hapa Palma, mtaani kwetu, tuko walimu wawili. Mimi, na wifi yangu Zuleica, dada yake mume wangu. Tufo nimemfundisha mimi. Leo naye mwalimu.

Sasa masharti, yote ya korona. Uso wa mtoto ufunikwe kuanzia puani mpaka kidevuni. Kati ya mtoto na mtoto pawe na mita moja na nusu. Mikono ioshwe. Nesi Judite wa kituo cha afya atakagua makundi yote mawili Ijumaa, litakalotimiza ndilo lishinde. Jumamosi wageni wa kampuni ya gesi wanakuja kufungua bomba la maji, na watakaoshinda ndio watakaowachezea.

Mita moja na nusu! Tufo ni bega kwa bega. Ukiwatenganisha watoto hawachezi tena, wanasubiri zamu kisimani.

Lakini ukumbi nautaka. Mvua zikianza, ua wangu unakuwa bwawa na watoto wanatawanyika. Na yuko Alima. Alikuja mwezi wa nane na bibi yake kutoka Mucojo, wamekimbia vita. Muda mrefu hakusema neno na mtu. Siku alipofungua kinywa alifungua kuimba, uani kwangu. Nimwambie nini mtoto yule? Kwamba tufo limeharibiwa na mvua?

Anli, mume wangu, kasema nishone barakoa, nipime mita, yaishe. Nikamjibu kwamba kwangu hafungwi mtoto mdomo kama mbuzi mwizi wa mihogo. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyoo! Mkuu gani, na kipaza sauti chenyewe kibovu?

Nimeyafikiria sana yale masharti. Uso ufunikwe. Ufunikwe kwa kitu gani, sheria haikusema.

Jumanne, 3 Novemba

Msiro! Mimi Zaida nina akili mpaka najiogopa.

Nimesugua mti wa msiro juu ya jiwe tangu alfajiri. Bibi zetu walijipaka uso mzima wang'ae. Mimi nimewapaka watoto kuanzia puani mpaka kidevuni, mzito kama uji wa mgonjwa. Umefunika? Umefunika. Aje mtu anioneshe ngozi.

Kasoro moja ndogo. Ukikauka, mtoto akiimba unapasuka, vumbi linapanda puani. Safu ya mbele wamepiga chafya wote kwa pamoja. Kwa mapigo ya matari, lakini. Hapo nilijivunia.

Zuleica kapita na barakoa usoni, kasimama, kacheka mpaka kashika ukuta. Nikamwambia acheke vizuri, kicheko cha Ijumaa kitakuwa changu.

Jumatano, 4 Novemba

Leo nimemaliza habari ya mita.

Sheria inasema kati ya mtoto na mtoto pawe na mita moja na nusu. Haikusema mita ya nini! Basi mita ya kitambaa cha kapulana. Nimekata vipande, kila kimoja mita moja na nusu kamili, nikavikunja vidogo, na kila mtoto kakibana kipande kati ya bega lake na la mwenzake. Bega kwa bega, na sheria iko katikati.

Kapulana zangu za kuvaa hazikutosha. Nikafungua sanduku nikatoa zile nilizoachiwa na mama, za arusi yake, nyekundu za maua ya korosho. Nikapitisha mkasi. Lakini mama mwenyewe alikuwa mtu wa tufo, angenielewa.

Anli alipoona sanduku wazi alilifunga mwenyewe, akatoka. Karudi saa ya chakula.

Kuhusu mikono: walinawa Jumatatu. Haikusemwa mara ngapi.

Alima hakuja.

Alhamisi, 5 Novemba

Leo tena Alima hakuja. Nikajua mchezo. Nikavaa buibui la jirani, mama Rafique, na barakoa ya Anli, nikaenda kuchungulia kwa Zuleica. Nakiri, kwa kazi ya upelelezi barakoa ni kitu kizuri sana.

Kumbe wanachezea kwenye mchanga, nyuma ya nyumba. Kawapanga mbali mbali, kila mtoto na duara lake. Nilikwenda kucheka. Sikucheka. Mikono ilikuwa ikipanda pamoja na kushuka pamoja, na mwanya wa katikati unauona nao unacheza. Ilinichoma rohoni.

Na anayeongoza wimbo nani? Alima wangu!

Ningeondoka salama, ila mtoto mmoja alikosea mwitikio na nikamsahihisha kwa sauti. Wote wakageuka. Zuleica akasema karibu wifi, buibui la mama Rafique limekukaa.

Nikamvuta Alima pembeni nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema hakuna. Akasema tu bibi yake ana kifua, usiku anahema kwa shida, na hapa watu wanavaa barakoa. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, bibi akifa yeye atabaki na nani.

Nikageuka kurudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nalia ndani ya barakoa, ikalowa, ikanibana pua.

Nimefika nyumbani nimesugua msiro mwingine, mzito zaidi ya ule. Kwa ajili ya bibi yake.

Ijumaa, 6 Novemba

Afadhali nisiandike. Naandika.

Nesi Judite ni mtu wa Mueda, hana haraka. Kawatazama watoto mmoja mmoja. Kauliza hii nyeupe ni nini. Nikamweleza: puani mpaka kidevuni, kama ilivyotangazwa. Kauliza vitambaa vya mabegani. Nikamweleza: mita moja na nusu, achukue futi ajipimie. Akachukua kweli! Akapima. Akasema mita ni sahihi. Nikamwangalia Sekretario Cassimo kwa ushindi.

Halafu matari yakaanza.

Msiro ule mzito ulikuwa umekauka sana. Mstari wa kwanza wa wimbo tu, safu nzima wakapiga chafya mbele ya wakubwa. Nesi alikuwa na barakoa yake, hakudhurika. Sekretario yake ilikuwa kidevuni. Alisimama pale mweupe kuanzia puani mpaka kidevuni, yaani ametimiza masharti.

Ukumbi kapewa Zuleica. Sekretario katangaza: ufunguo ni mmoja, ukae kwa mwalimu wa tufo. Nikawaambia wote kwamba mguu wangu hautakanyaga mle maisha. Watoto wangu wakalia. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikalia na mimi.

Jumamosi, 7 Novemba

Zuleica kabisha hodi asubuhi. Kasema wageni hawaji, wamekatazwa kutoka kambini kwa sababu ya korona, wanataka wapigiwe video. Bomba atafungua Sekretario. Kasema niwalete na watoto wangu, mchanga ni mpana. Na Alima kagoma kuimba mpaka nisimame naye. Nikasema thubutu. Nilishasema mguu wangu haukanyagi.

Basi akatoa barakoa, nyingi, za watoto wote, wake na wangu. Nyekundu za maua ya korosho.

Kumbe Anli alikusanya vile vipande vyangu, akampelekea dada yake avishone kwa cherehani.

Nimelia mbele ya Zuleica, jambo ambalo sitajisamehe. Nikavaa. Nikasimama nyuma ya Alima, mita moja na nusu ya kweli. Akaanza. Sauti ilipita kwenye kapulana ya mama yangu kama hakuna kitu. Bibi yake alikuwa kakaa kwenye mkeka kivulini, barakoa usoni, anaitikia. Maji yakatoka bombani, kidogo, yenye kutu. Watu wakashangilia.

Baada ya hapo Zuleica kasema ukumbi ni wetu sote, ila mwalimu mkuu ni yeye. Nikasema sawa wifi. Nilikuwa nimechoka.

Jumapili, 8 Novemba

Nimelala vizuri. Nimeamka na mawazo.

Jana kabla ya kucheza Zuleica alinipa ufunguo nimshikie, maana kapulana haina mfuko. Akasahau kuuchukua. Asubuhi hii kamtuma mtu kuufuata, nikasema nimetoka.

Ufunguo uko ndani ya sanduku la mama. Nafasi ipo ya kutosha siku hizi. Sheria imetaka ukae kwa mwalimu wa tufo. Haikusema yupi.