Kadi ya Pumzi

Jumatatu, 4 Machi
Nimetoka kliniki. Nesi kasema nina pumu, kanipa kipima pumzi, bomba la plastiki lenye kishale. Unapuliza, kishale kinapanda, unaandika namba kwenye kadi, asubuhi na jioni. Nimepuliza 240. Nesi akasema mtu wa kimo changu anatakiwa afike karibu 500. Kanipa pia pampu mbili: ya bluu nivute nikibanwa, na ya kahawia nivute kutwa mara mbili hata nikiwa mzima. Nikiwa mzima! Dawa ya nini sasa?

Baya zaidi: mtunza stoo wetu anastaafu, na bosi anataka kuona karatasi ya kliniki kabla hajachagua wa kumrithi. Ni mimi au Misumari, fundi mwenzangu wa makochi, anayefanya kazi misumari imemjaa mdomoni. Stoo ina mlango, dirisha na kiti cha kuzunguka. Naitaka mpaka naiota. Lakini nani atampa funguo mtu wa 240?

Jumanne, 5 Machi
Nimepuliza mpaka macho yakanitoka. 230. Nikamwomba mke wangu anipulizie. Akajibu kwamba aliolewa na fundi, hakuolewa na tapeli.

Amebaki mama mkwe, aliyekuja kututembelea. Miaka sitini na sita. Mkwe hata kukohoa mbele yake ni kazi, sembuse kumpa bomba apulize! Nikamwambia kwa adabu zote kwamba nesi anataka namba za familia nzima. Akavua miwani, akapuliza. 410! Akadai hakuwa tayari, arudie. 430!

Nimeandika 430. Pampu ya kahawia nimeitupia nyuma ya kabati. Mtu wa 430 hana pumu.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe ananigongea mlango alfajiri kuulizia bomba lake. Lake! Kadi inapendeza. Ili kupunguza usumbufu nimejaza mpaka Jumapili. Kifua kinapiga filimbi kidogo, lakini filimbi si ugonjwa.

Ijumaa, 8 Machi
Leo nimekiona cha mtema kuni.

Tulikuwa tunafumua makochi ya zamani ya hoteli. Misumari alivaa barakoa. Mimi nikakataa, bosi asije akaniona dhaifu. Vumbi likapanda. Kifua kikabana. Nikapapasa mfukoni: pampu ya bluu, ile ya dharura, nimeiacha nyumbani! Nikajaribu kuita, sauti haikutoka. Niliogopa. Naandika ukweli, niliogopa kufa.

Misumari akatema misumari, akanikalisha wima, akatoa pampu ya bluu kwenye aproni yake. Yake mwenyewe! Akanihesabia: vuta, zuia, toa. Tena. Tena. Hewa ikaingia kidogo kidogo. Jamani, hewa ni tamu! Nililia kama mtoto na sikuona haya.

Kumbe ana pumu tangu utotoni. Akasema karakana nzima inajua, na kila akicheza mpira huvuta pampu kwanza mbele yangu. Mimi siku zote nilidhani ni dawa ya kutia kinywa harufu nzuri.

Jumamosi, 9 Machi
Kliniki, nikisindikizwa na mama mkwe. Nesi akanipulizisha: 190. Akatazama kadi: 430. Akatazama tena, akauliza Jumapili nimeifikaje ilhali wenzangu wote bado wako Jumamosi. Nikainama. Mama mkwe akajitokeza kifua mbele, akasema hizo namba ni zake na anazo nyingine. Nesi akampongeza! Mimi nikapewa dawa, kadi mpya, somo la kuvuta pampu na kusukutua mdomo, na barua ya kumpelekea bosi: nikae mbali na vumbi.

Kwaheri stoo. Za mwizi arobaini, zangu hazikufika hata sita.

Jumatatu, 11 Machi
Bosi kasoma barua, nami nikamweleza hila yangu ya kadi. Kavua kofia. Kacheka! Kumbe stoo ndiyo chumba pekee kisicho na vumbi, na alitaka karatasi ili ampe mwenye kifua kinachoihitaji zaidi. Akasema kwa kadi ile ya 430 angenirudisha kufumua makochi mpaka nizeeke.

Funguo ninazo! Misumari kanipa mkono, akasema hata hivyo yeye kukaa kitini kutwa kungemuua kabla ya pumu. Nimefika nyumbani nimemkumbatia mke wangu. Mama mkwe nimemsalimia kwa mbali, kwa heshima.

Jumapili, 24 Machi
Wiki mbili za pampu ya kahawia, asubuhi na jioni, bila kuruka. Nalala usiku kucha. Napanda ngazi huku naongea. Leo nimepuliza kwa mapafu yangu mwenyewe: 440! Nimeruka juu, nikapuliza tena. 450! Mke wangu kapiga vigelegele.

Kisha nikakaa kitako, jasho likanitoka. Kesho napeleka kadi kliniki, na nakala itakwenda kwa bosi. Mtu wa 450 anakaa stoo kwa sababu gani?

Nimeandika 200. Halafu 190. Halafu 210, isionekane nimepanga. Nesi atataka nipulize mbele yake, najua, kwa hiyo tangu saa nne niko mbele ya kioo najifunza kupuliza vibaya, hewa ikitokea pembeni mwa mdomo. Nimepuliza vibaya zaidi ya mara mia. Namshukuru Mungu, pumzi haijanikatika hata mara moja.