Mheshimiwa Miguu Juu

Ofisi ya Uratibu wa Mambo ya Juu, Kanda ya Njombe, iliwatangazia wananchi kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayeruhusiwa kutazama anga kwa kifaa chenye mdomo mpana kuliko ndoo, mpaka apate kibali. Kutazama kwa macho matupu kuliendelea kuwa bure, ingawa wananchi walishauriwa wasizidishe.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Rabson, Kaimu Mratibu Msaidizi, na aliliandika kwa uchungu wa nchi. Alikuwa amekaimu kwa muda mrefu hata watoto wa jirani wakadhani Kaimu ndilo jina lake la ubatizo. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba binadamu hukosea, lakini utaratibu haukosei, na ukiuona umekosea basi hujausoma vizuri.

Chanzo cha tangazo kilikuwa sanduku la mbao lililoshushwa Makambako. Rabson alikwenda mwenyewe kulikagua, akamkuta msafirishaji, Zubeiri, amekaa juu yake anakunywa kahawa.

"Bwana mkubwa, huu ni mzigo wa Mwalimu Lukresia wa Njombe," alisema Zubeiri akiteremka. "Darubini. Alikuwa na ndogo, sasa kaagiza kubwa. Ni kama mtu kutoka bodaboda akapanda fuso."

"Anataka kuona nini ambacho ile ndogo ilimnyima?"

"Nyota, bwana."

"Nyota zipi? Taja."

Zubeiri akatazama juu. Jua la mchana lilikuwa linawaka. "Kwa sasa hazipo."

Rabson akaandika kwamba mhusika ameshindwa kuthibitisha kuwapo kwa nyota. Kisha akaamuru sanduku lifunguliwe. Ndani mlikuwa na bomba jeusi, nene kama pipa, na kwenye kitako chake kioo cha mviringo kipana kama ungo, kimebonyea katikati kidogo sana. Rabson akachungulia mdomoni mwa bomba. Akauona uso wake mwenyewe, mkubwa kwa kiwango ambacho ofisi haijawahi kumfikisha. Alikaa pale kitambo.

"Bwana mkubwa, umeona nyota?" aliuliza Zubeiri.

"Kifaa ni hatari," alisema Rabson, akaagiza kipelekwe Njombe chini ya ulinzi.

Mwalimu Lukresia alifika ofisini kesho yake. Ndiye aliyemfundisha Rabson jiografia sekondari, kwa hiyo Kaimu alisimama kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye serikali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Rabson. Nimefuata darubini yangu." Akakaa bila kukaribishwa. "Ni kwa ajili ya mama. Macho yamempungukia. Kwenye ile ndogo siku hizi anaona giza tu. Hii ina kioo kipana, inakusanya mwanga mwingi. Anataka akione Kilimia, kile kishada cha nyota cha msimu wa kupanda, vizuri kabla macho hayajafunga kabisa. Mvua ngapi amepanda mahindi kwa kukifuata, na hajawahi kukiona kwa karibu."

Rabson alimjua Mama Dorika. Akiwa mtoto alikula viazi vyake vingi. Akapekua kanuni, hakuona kifungu kinachotaja viazi.

"Mwalimu, kamati itakijaribu. Kikithibitika kinaona, kitahifadhiwa stoo mpaka sera ya taifa ya kutazama ikamilike. Kikithibitika hakioni, kitakuwa nje ya mamlaka yetu, uende nacho. Jaribio ni Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Nyota hutoka usiku, Rabson."

"Hiyo ni changamoto ya nyota. Sisi saa tisa na nusu tunafunga."

Alhamisi ukungu uliondoka mapema. Darubini ilisimamishwa uani kwa ofisi, juu ya ukingo unaotazama bonde. Kamati ilikuwa watu wawili, Rabson na Bi Oktavia wa masjala, maana mwenyekiti wake, Mheshimiwa Enoki, Mratibu Mkuu, alikuwa Dodoma kwenye semina ya uwazi.

Zubeiri, aliyekuja kusaidia kubeba, alimsogelea Mwalimu. "Dada, acha kifuniko mdomoni. Wachungulie giza, wakupe mzigo wako twende zetu."

Mwalimu Lukresia alikitazama kile kifuniko muda mrefu. Alikuwa ameisubiri darubini ile kwa kuvumilia viatu vilevile na paa lilelile linalovuja. Halafu akakitoa.

"Nimefundisha miaka yote," alisema. "Siwezi kumwambia mwanafunzi wangu achungulie giza."

Aliielekeza darubini ng'ambo, mbali kabisa na jua, kwenye mlima ambao kwa macho ulikuwa doa la kijani. Akazungusha hiki na kile. "Chungulia hapa ubavuni. Usishtuke, darubini ya kioo hupindua picha. Juu inakuwa chini."

Rabson akachungulia. Aliona miche ya parachichi, safu kwa safu, ikining'inia kutoka kwenye ardhi. Aliona trekta lenye jina la ofisi yake, magurudumu yameelekea mbinguni. Na chini ya mwavuli, kichwa chini miguu juu, aliona mtu mnene anatafuna hindi la kuchoma huku akiwaelekeza vibarua kwa kidole.

Akanyanyuka, akafuta miwani, akachungulia tena.

"Bi Oktavia, hebu."

Bi Oktavia alichungulia. "Ee Bwana wee! Ni yeye. Hiyo kaunda suti niliipeleka mimi kwa dobi."

"Yupo Dodoma."

"Basi Dodoma imesogea, Kaimu."

Rabson alihisi ardhi ikipinduka pamoja na picha. Siku ile hakula. Akiwa ndani ya utaratibu alikuwa salama. Nje yake alikuwa mtu tu, mwenye mke na cheo cha kushikiza. Mwishowe akaamua kuandika alichokiona, jinsi alivyokiona.

Jumatatu Mheshimiwa alirudi, amechomwa na jua la semina, akaketi kwenye kiti chake. Rabson akasimama kusoma taarifa.

"Kamati ilimwona Mheshimiwa Mratibu Mkuu akiwa miguu juu, shambani, na trekta la ofisi."

"Wewe Kaimu una wazimu? Mimi nilikuwa Dodoma!"

"Ndivyo faili lisemavyo, Mheshimiwa, na hatuwezi kulipinga faili. Kwa hiyo kamati imeona kwamba kuna mtu asiyejulikana, anayefanana nawe, ameiba trekta letu. Tunaomba ridhaa ya kuwaita polisi."

"Polisi wa nini?" Mheshimiwa alitoa kitambaa. "Kifaa hicho hakioni! Ni bomba tu. Andika, hakioni kitu!"

"Hakioni," alirudia Rabson, na kalamu yake ilikimbia. "Kwa maneno ya Mwenyekiti. Mwalimu akichukue leo hii."

"Tumemaliza."

"Bado shamba, Mheshimiwa. Bi Oktavia alikwenda huko kwa bodaboda, kwa macho matupu. Lipo. Limelimwa na trekta letu. Vibarua wamesema mwenyewe ni mtu wa ofisi hii." Rabson alifunua ukurasa. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza yeye kwanza. "Je, ni la Mheshimiwa?"

Bi Oktavia alishika kalamu. Mheshimiwa alitazama dari, akatazama mlango.

"Si langu," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi halina mwenyewe, na limetumia mali ya umma. Kamati inapendekeza wapewe wanakijiji, kwa ajili ya zahanati yao. Mwenyekiti anaunga mkono?"

Mwenyekiti aliunga mkono.

Jioni ileile, giza lilipoanza kushika, Mama Dorika aliinamishwa kwenye darubini nyumbani kwake. Alisogeza jicho mpaka akakipata Kilimia. Kisha akakisalimu taratibu kwa lugha ya nyumbani, kama anayempokea mgeni mlangoni, "Kamwene." Mwalimu Lukresia alimshika mgongo.

Sherehe ya kukabidhi shamba ilifana. Kwa mujibu wa itifaki, mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Enoki. Alipanda mche, akamwagilia, akapigiwa vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji akashukuru, kisha akamwomba aseme neno juu ya yule mzalendo asiyejulikana aliyewapandia parachichi zote zile, asitake hata jina lake litajwe.

Mheshimiwa alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Aliutazama mlima wote, safu kwa safu, mpaka mwisho wake.

"Ni mtu," alisema, na machozi yalikuwa ya kweli, "mwenye moyo mkubwa sana."

Rabson aliongoza kupiga makofi.