Njambi Asifike Jinja Kabla Yangu

Alhamisi, 10 Julai. Satellite, Nairobi.

Kesho safari! Mimi na mume wangu Dalmas, juu ya pikipiki moja, hadi Jinja kule Uganda, kuona mahali mto Nile unapotoka ziwani. Aliniahidi tulipokuwa tukichumbiana. Kisha wakaja watoto. Sasa hata kitinda mimba wetu, Ivyne, yuko chuoni. Nyumba imenyamaza. Mimi na baba yake tumebaki kuzungumzia gesi na tokeni za stima.

Pikipiki ni kuukuu. Ameifufua mwenyewe, jioni baada ya jioni, nyuma ya ploti tunayoishi.

Dosari ni moja tu. Tunaandamana na Gichuru, aliyekuwa akifanya kazi na Dalmas mjini, na mkewe Njambi. Watu wa Lavington, mtaa wa wenye pesa. Njambi ana jaketi jekundu la ngozi. Leo amenipigia simu kuuliza kama kweli nitaiweza baridi ya Julai. Kwa sauti ya kunihurumia! Nikamjibu kwamba baridi mimi huwa siisikii.

Mpango: Njambi achoke kabla yangu, arudi Nairobi kwa basi.

Ijumaa, 11 Julai. Nakuru.

Mvua tangu Limuru. Suti yangu ya mvua, niliyoichagua mjini kwa sababu ya rangi, inavuja kwapani na kwingine nisikoweza kutaja. Njambi? Mkavu kama mahindi ghalani.

Tukanywa chai Naivasha. Nikamnong'oneza kwamba huko mbele kuna fisi wanaokimbiza pikipiki. Nilitarajia apauke. Akapiga makofi! Akamwomba Gichuru aende polepole, asije akawakosa. Tukatambaa hadi Nakuru, mvua ikituponda, tukitafuta fisi wangu.

Lakini kuna jambo jema. Juu ya pikipiki hamuwezi kuongea, kwa hivyo Dalmas hugonga goti langu. Maana yake: uko sawa? Nami namfinya ubavuni. Maana yake: niko sawa. Leo amegonga mara nyingi sana. Sikumbuki ni lini tena aliwahi kuniuliza hivyo siku nzima. Nikafinya kila mara. Hata nilipokuwa siko sawa kabisa.

Jumamosi, 12 Julai. Eldoret.

Nimefanya ujinga mkubwa.

Tulipokaribia Timboroa ilianza mvua ya mawe. Gichuru akaonyesha kwa mkono kwamba tuingie petroli stesheni tungoje. Nikamwona Njambi amejikunyata. Nikafikiri: akisimama yeye, nikapita mimi, nimemshinda! Dalmas akagonga goti. Nikafinya. Kwa nguvu zote.

Akapita.

Mbele kidogo pikipiki ikaanza kuyumba. Akaiegesha kando ya barabara, lakini akashindwa kuachia usukani. Vidole vimekataa. Midomo rangi ya majivu. Nikaita, "Baba Ivyne! Baba Ivyne!" Meno yake yakanijibu, kwa kugongana.

Nikambandua kidole kimoja kimoja. Nikavua glavu zake, nikaiingiza mikono yake ndani ya blauzi yangu, juu ya tumbo. Mchana kweupe! Malori yakipita yanatupigia honi. Sikujali. Ilikuwa kama kukumbatia samaki wawili wa friji.

Alipoweza kusema nikamuuliza kwa nini hakusimama.

"Si ulifinya," akasema. "Nikaona unaifurahia safari. Mama Ivyne, sijakuona na furaha siku nyingi."

Nililia ndani ya helmeti. Kioo kikajaa ukungu, nikashindwa hata kumwona mtu niliyekuwa nikimlilia.

Gichuru akatokea. Njambi alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Akavua jaketi lake jekundu, akamfunika Dalmas, akamnywesha chai ya chupa. Yeye mwenyewe akabaki na sweta, mvua inampiga. Hakuniuliza kwa nini tulipita. Alinishika bega tu, akasema, "Pole, Mama Ivyne. Atakuwa sawa."

Mbele za Mungu naapa: mashindano yamekwisha.

Jumapili, 13 Julai. Tororo.

Tumevuka mpaka wa Malaba. Afisa aliuliza sababu ya safari. Dalmas akajibu, bila kucheka, kwamba anamtembeza mchumba wake. Afisa akanitazama, mimi niliyejaa matope hadi kwenye nyusi. Akampa Dalmas pole. Kisha akagonga muhuri.

Mchumba! Nimecheka peke yangu kutoka mpakani hadi hapa.

Jumatatu, 14 Julai. Jinja.

Tumeuona. Yaani, tumeona mvua, na nyuma ya mvua kuna mto. Dalmas akaomba radhi kwamba ahadi imechelewa. Nikamwambia mto haujaenda popote.

Kisha nikatoboa yote: kwamba natetemeka tangu Limuru, kwamba fisi niliwatunga, kwamba ule mfinyo wa Timboroa ulikuwa wa kumshinda Njambi. Nilidhani atakasirika. Akacheka hadi akakohoa. Akasema kuanzia leo nikisikia baridi nimpige ngumi mgongoni, kwa sababu yeye hakuja kuangalia maji, alikuja na mimi.

Tukaketi chini ya bati la mama anayeuza chapati za mayai, tukaongea hadi akaanza kukunja viti. Sijui tuliongea nini. Kila kitu.

Alhamisi, 17 Julai. Satellite.

Nyumbani! Nimempiga Dalmas ngumi tangu Malaba hadi Nakuru, na kila ngumi tulisimama tukanywa kitu cha moto. Sasa amelala chini ya blanketi mbili, anakohoa. Mkono wake wa kulia umeshika wangu wa kushoto, kwa hivyo naandika huku karatasi ikiteleza.

Njambi amepiga simu kumjulia hali. Moyo wa dhahabu. Nampenda kama dada wa tumbo moja, naandika bila unafiki. Akanidokezea kwamba yeye na Gichuru wanapanga kwenda Kigali mwezi wa Desemba. Nchi tatu kwa safari moja, na huko milimani mvua haiulizi mtu.

Nikasikia mdomo wangu ukimjibu kwamba sisi tutakuwa Kigali mwezi wa Oktoba.

Dalmas hajui. Nitamwambia kikohozi kikipungua.