Kompyuta ya Shami na Walaji Wake

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kompyuta ya marehemu mume wangu, Shami, imezima tena. Ovyo kabisa! Ndani mna filamu ya arusi ya binti yetu, na mwishoni Shami anasimama kumuaga bi arusi. Sauti yake nyingine sina. Betri inakufa kabla hajasimama! Ijumaa akina mama wanakuja kumkumbuka, watakaa uani, na uani hakuna soketi. Jirani yangu Swafiya kauliza kama filamu ipo kweli au niliiota. Ataona.

Jumanne, 7 Oktoba
Zamani betri za redio zikichoka, Shami alizianika juani, jioni tukasikiliza mpira hadi mwisho. Kikombe kimoja cha chai ya tangawizi, tunapokezana. Ah, siku zile! Basi nami nimechomoa betri ya kompyuta, nikaianika juu ya bati. Mjukuu wangu Mahoro karudi kutoka kazini Kiyovu, kapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Eti italipuka. Kizazi cha kuogopa jua!

Jumatano, 8 Oktoba
Mahoro kapoa. Kasema mashine imezeeka, ndiyo maana aliiwekea Linux, programu za bure, hazina tajiri wa kudai malipo. Kapunguza mwanga wa kioo, kazima intaneti. Kisha kanionyesha programu zinazofanya kazi chinichini, kila moja na umeme inaokula. Umati mzima nyumbani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi! Kanifundisha kuzizima, kaniruhusu nizime mbili tu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mla bure namjua. Alipokwenda kuoga, nikawafagia na wengine.

Ijumaa, 10 Oktoba
Betri imefika mwisho wa filamu! Lakini kimya. Kumbe mmoja niliyemfukuza ndiye mwenye sauti. Na Mahoro yuko kazini. Shami kasimama na kofia yake ya viua, mdomo unacheza, hakitoki kitu. Akina mama wakatazama chini. Nilitaka kuifunga. Ndipo Swafiya akaanza, kwa sauti nzito kama ya Shami: binti asilie, mama yake mkali lakini chungu chake kitamu, na siku yoyote akisikia njaa arudi tu, asiombe ruhusa. Wakacheka, wakalia. Nami nikalia. Halafu nikakasirika. Maneno ya mume wangu, yeye kayahifadhi ya nini?

Jumamosi, 11 Oktoba
Mahoro karudisha sauti. Nimemsikiliza Shami mpaka betri ikaisha, nikaichaji, nikamsikiliza tena. Anakohoa kidogo kabla ya kusema, kama alivyokohoa kila asubuhi mlangoni. Swafiya hakukosea hata neno. Sitamwambia. Mahoro kaniapisha nisiguse kitu, nikaapa. Katoka kwenda Gisimenti. Nikafungua, kuangalia tu. Kumbe kuna mmoja bado anakula pale chini, jina refu la kizungu, kashiba kuliko wote. Haiwezekani! Nimemzima. Kioo kimekuwa cheusi tii.

Sawa. Sasa hakuna umeme unaoliwa.