Jalada la Vifundo Vitano

Josselin alikuwa akiuza wino na kalamu za manyoya kwenye lango la abasia, nusu siku kwa miguu kutoka mji wa Laon, aliposikia mtu akilalamika kwa sauti ya kushiba. Alikuwa Bruda Evrard, mtunza jibini, na shida yake ilikuwa kitabu.

Kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima watawa wa pale walirudisha vitabu walivyopewa mwaka uliotangulia, wakavipanga juu ya zulia mbele ya abati, mkuu wao. Ambaye hakusoma chake alilala kifudifudi na kuomba radhi. Evrard alikuwa amelala hapo miaka mitatu mfululizo kwa kitabu kilekile, na abati alikuwa ameapa kwamba safari hii atamnyang'anya funguo za ghala.

"Kitabu gani kinakutesa hivyo, Bruda?"

"Cha fadhila na maovu. Kilatini kitupu. Nilifika kwenye kiburi, nikaona inatosha."

Josselin alikijua. Watu wote walisimulia picha zake, miti ya maovu iliyopakwa dhahabu matawi yote. Kanoni Milon, padri wa kanisa kuu la Laon, alikuwa amemnong'oneza kwamba angetoa livre nne za fedha akikipata, maana abasia haikuuza. Kwa livre nne Josselin angepanga kibanda chini ya ukuta wa kanisa na, akiwa na miaka arobaini na sita, kukalia kiti chake mwenyewe. Watu wameiba kwa ndoto ndogo kuliko hiyo.

"Kilatini nakijua," alisema. "Nioneshe leo, kisha Kwaresima ikikaribia nije nikufundishe. Kila dhambi maneno mawili. Malipo yangu kipande cha jibini. Mimi si mtu wa tamaa."

"Huko kwenye tamaa sijafika," Evrard alisema, "kwa hiyo siwezi kubisha."

Alikileta kimefungwa kamba. Kukifungua alikataa: baridi, alisema, inaharibu dhahabu. Josselin alilipapasa jalada la ngozi ya nguruwe na vifundo vyake vitano vya shaba kwa heshima kubwa, huku akilipima kwa uzi.

Akauza nyumbu wake. Fedha yote ilikwenda kwa fundi wa majalada, atengeneze pacha wa lile, na kwa mwanafunzi mwenye njaa aliyenakili maneno ya kitabu kutoka nakala ya mhubiri mmoja aliyekuwa njiani kwenda Lombardia. Josselin aliheshimu kazi: mtunza vitabu wa abasia hakuona vizuri, picha asingezitafuta, lakini alikuwa na desturi ya kufungua popote na kuamuru mstari usomwe. Maneno ilibidi yawemo yote.

Siku mbili kabla ya Kwaresima walikaa sebuleni mwa wageni. Josselin alifundisha vizuri, hilo tusimnyime. Walipofika kwenye ulafi, Evrard alikwenda kuleta jibini na kukawia mno. Aliporudi, kitabu cha abasia kilikuwa chini ya joho la Josselin, na kile kingine mezani.

"Umenisaidia kuliko unavyojua," Evrard alisema.

Huko Laon, Kanoni Milon alikata kamba na kufungua. Ndani mlikuwa na vipande vya ngozi chakavu, vimeshonwa kwa unadhifu, vikinuka jibini.

"Picha zimeibwa," Josselin alisema.

"Picha ninazo." Kanoni alifunua kasha, dhahabu iling'aa. "Bruda mmoja mnene ameniuzia mojamoja, miaka mitatu sasa. Nilichokosa ni maneno; kurasa zake, anasema, zilifungia jibini. Nitahubirije Kwaresima kwa picha?"

"Maneno matupu?"

"Matupu. Hata kwa mwandiko wa mwanafunzi mwenye njaa ningekulipa nne zako."

Josselin alikumbuka kitabu alichokiacha mezani. Ndipo alipoelewa kwa nini jibini ile ilichelewa.

Jumapili jioni alikuwa tena kwenye lango la abasia. Evrard alitokea, funguo zikining'inia kiunoni, uso umetulia kama wa mtu aliyesamehewa.

"Walifungua kwenye uvivu," alisema. "Nikaueleza mpaka abati akafuta machozi. Mwalimu wangu hodari."

"Nirudishie kitabu changu."

"Kitabu chako? Kipi? Kiko kimoja tu, cha abasia. Abati amesema kisitoke tena, wamekifunga mnyororo."

Josselin alisogea karibu. "Mnyororo mnene?"

"Wa kawaida."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Abati ameona hakuna mwingine anayekipenda namna hii."

Walitazamana kupitia vyuma vya lango, mafundi wawili wa kazi moja.

"Tuseme kitabu kinatoka," Josselin alisema polepole. "Wewe unafungua, mimi nabeba. Kanoni anatoa livre mbili. Tunagawana katikati."

Evrard alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitawa.

"Pole, ndugu yangu. Mimi jana kanoni aliniahidi sita."